Gari dogo la 2003 lenye kilomita 61,000 tu: kilomita chache ni sifa ya kulipia, au ni pambo?

#1 Kipimajoto

Wakuu, heshima kwenu. Nimeonyeshwa gari dogo la milango 5 la mwaka 2003, injini ya sisi (cc) 1300, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), ambalo muuzaji anasema limekuwa na mmiliki mmoja tangu likiwa jipya, na odometa yake inasoma kilomita 61,000. Jina la kampuni nimelificha kwa makusudi, kwa sababu kila jina likitajwa humu kurasa 3 huishia kwenye ushabiki na swali hubaki halijaguswa.

Bodi imenyooka, viti havijachanika, na bei inayotakiwa iko juu kuliko ya magari mengine ya umri huo, hoja ikiwa ni hizo kilomita chache. Nilipofika injini ilikuwa ya baridi, na kwa dakika za mwanzo sikuona kasoro yoyote. Ilipopata moto, gari likaanza kutetema kila linapoondoka kutoka kusimama. Likishasogea mita chache linatulia na kwenda vizuri kabisa. Zaidi ya hapo, nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nilikuta kwa ndani utando mzito mweupe unaoelekea njano. Muuzaji anasema kutetema ni plagi tu, na huo utando hakuwahi kuuona. Naomba maoni ya wenye uzoefu.

#2 Spana Kumi

Utando mweupe kwenye kifuniko cha oili maana yake maji yameingia kwenye oili, na maji yakiingia kwenye oili gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imekwisha. Liache, tafuta jingine.

#3 Dada Torki

Mkuu Spana Kumi, hukumu yako imewahi mno. Gasketi iliyokufa ni sababu mojawapo, lakini si ya pekee, na kwa gari lenye kilomita chache si ya kwanza kuishuku. Injini inapowaka hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya kwenye pete za pistoni na kufika kwenye oili. Gari linaloendeshwa safari fupi fupi haliipi oili nafasi ya kupata moto wa kutosha kuukausha, kwa hiyo mvuke hutulia mahali penye baridi kuliko pote, yaani chini ya kile kifuniko, na kuchanganyika na oili hadi kuwa utando huo alioueleza Kipimajoto.

Cha kufanya ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi yake ya kawaida kwenye kijiti, na kulanti (maji ya kupoza injini) haipungui, na hakuna mapovu yanayotoka kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma, basi huo ni unyevu wa safari fupi. Oili ikiwa imegeuka rangi hadi kwenye kijiti, au ndani ya tangi la kulanti kuna mafuta yanayoelea, hapo nitaungana na mkuu kusema liachwe. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, la sivyo mtu ataunguzwa.

#4 Bwana Stakabadhi

Kabla hamjafika kwenye gasketi, nani amethibitisha hizo kilomita? Gari la 2003 limevuka miaka 20. Kilomita 61,000 kwa muda huo hazifiki kilomita 9 kwa siku. Inawezekana, lakini odometa za kielektroniki hurudishwa nyuma na mtu mwenye kifaa kidogo cha mkononi bila hata kuacha alama ya bisibisi kwenye dashibodi, na huyo anayerudisha hapati shida kuacha namba inayovutia.

Angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvifanyia ukarabati: mpira wa pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango ambako mtu hujisugua akiingia na kutoka, usukani pale mikono inapokaa, na mkanda wa kiti cha dereva ukiuvuta hadi mwisho uone kama kingo zake zimeanza kuwa na manyoya. Na usifurahie mpira wa pedali ulio mpya kabisa, kwa maana hakuna anayebadilisha mpira wa pedali wa gari lililotembea kilomita 61,000 za kweli.

#5 Kipimajoto

Asanteni. Nilipiga picha nyingi, kwa hiyo naweza kujibu mengine bila kurudi. Mpira wa pedali ya breki ni wa zamani, na umelika kidogo kona ya kulia. Usukani haung'ai. Tairi la akiba lina namba 1803 mwishoni mwa ule mstari wa herufi na namba za ubavuni, na linaonekana halijawahi kugusa barabara. Tairi 4 za chini zinasoma 2311. Kitabu cha matengenezo kipo, lakini mihuri inaishia 2012 na baada ya hapo ni kurasa tupu.

Kijiti cha oili sikukichomoa.

#6 Mlinzi wa Tairi

Kwa wasiozifahamu, namba hizo 4 husomwa hivi: 2 za mwanzo ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. Tairi la akiba limetengenezwa wiki ya 18 ya 2003, kwa hiyo ni lile lile lililotoka na gari kiwandani, na tairi za chini ni za wiki ya 23 ya 2011. Hii inaisaidia hadithi ya muuzaji kwa kiasi fulani, kwa sababu gari linalotembea sana haliwezi kukaa na tairi za 2011 hadi leo.

Lakini pia inamwongezea mnunuzi gharama. Raba huzeeka hata ikisimama, na watengenezaji kadhaa wakubwa wa tairi hushauri tairi iondolewe ikifika miaka 10 tangu itengenezwe, hata kama kashata (mikato ya tairi) bado zipo. Kwa hiyo tairi zote 5 zihesabiwe kuwa hazipo, na hesabu hiyo itolewe kwenye bei kabla ya kuanza kuzungumza kilomita.

#7 Spana Kumi

Dada Torki, ulichosema kuhusu mvuke nakifahamu. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi hana sababu ya kubeba hatari ambayo muuzaji mwenyewe ameshindwa kuieleza. Mtu anayesema hajawahi kuuona utando kwenye kifuniko cha oili cha gari lake anatuambia jinsi alivyolitunza.

Kuhusu kutetema, plagi zinaweza kuwa ndizo, au koili, ile inayozipa plagi umeme wa cheche. Koili mbovu huanza kuleta shida ikipata moto, na hiyo inaendana na maelezo kwamba gari likiwa la baridi ni zima.

#8 Giza la Bonet

Kama ni koili, kwa nini kutetema kuishe baada ya mita chache? Koili inayokata moto humfuata dereva kote: mlimani injini inapobeba mzigo ndipo ingekuwa mbaya zaidi, na hata ikisimama bila kazi ingekuwa inachechemea. Kipimajoto amesema likishasogea linakwenda vizuri. Mimi naziangalia mauntingi, yaani raba zinazoishikilia injini kwenye bodi. Raba ya mauntingi ikikatika, injini hucheza pale tu inapopokea nguvu ya kuondoka, kisha hutulia.

Kuipima ni rahisi. Mtu mmoja akanyage breki sawasawa, bonet ikiwa wazi na mwingine akiwa amesimama pembeni, kamwe asisimame mbele ya gari. Weka D, kisha R, kisha D tena bila kukanyaga mafuta. Injini ikiruka kutoka mahali pake, umeipata mauntingi iliyokufa.

#9 Dada Torki

Mauntingi iliyokatika hutetema likiwa la baridi pia, tena wakati mwingine zaidi, kwa kuwa injini ya baridi hunguruma kwa mizunguko ya juu. Dalili ya kutokea likiwa na moto tu, wakati wa kuondoka tu, kwenye CVT, mimi hunipeleka moja kwa moja kwenye giaboksi.

Kwa kawaida CVT haina gia za meno za kubadilisha. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, na puli hizo hupanuka na kubana ili kubadilisha uwiano. Lakini lazima kuwe na kitu cha kuunganisha injini na magurudumu wakati wa kuondoka, na hapo ndipo CVT za enzi hiyo zinapotofautiana. Honda Fit ya kwanza, iliyotoka 2001, ilitumia klachi maalumu ya kuanzia inayolowa kwenye oili. Nissan March ya K11 ilikuwa na CVT yenye klachi ya sumaku ya umeme. Nyingine zilikuja na toki konveta, inayopitisha nguvu kwa oili, kama ya giaboksi otomatiki ya kawaida. Kwenye aina ya klachi ya kuanzia, msuguano ukipoteza ulaini wake, ama kwa uchakavu au kwa sababu mtu alijaza oili isiyo yake, klachi hushika na kuachia mara nyingi kwa sekunde moja, na dereva huhisi gari linatetema hadi ishike kabisa. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na ndiyo maana asubuhi hali huwa nzuri.

#10 Mpita Njia 88

Milango 5, sisi 1300, CVT, 2003. Nimeshalijua gari lenyewe, jina nimeliandika kwenye karatasi.

#11 Kipimajoto

Mkuu, karatasi hiyo ichane.

#12 Ndugu Taratibu

Mimi nina gari dogo la umri huo huo, nalo jina nitalificha kwa heshima ya mwenye uzi. Lilianza kutetema namna hiyo hiyo. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, halikupona. Wa pili alibadilisha oili ya giaboksi, akaweka ile ya giaboksi otomatiki ya kawaida kwa maelezo kwamba zote ni oili nyekundu, na likawa baya zaidi. Wa tatu aliimwaga yote, akajaza oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari, kisha akafanya utaratibu wa kuifundisha upya kompyuta ya giaboksi mahali klachi inapoanza kushika. Lilitulia. Baada ya muda dalili ikarudi kwa mbali, na iko hivyo hadi leo, naendesha.

Kwa hiyo dada yuko sahihi kuhusu oili, lakini sithubutu kusema oili hutibu. Huenda inachelewesha tu.

#13 Giza la Bonet

Au huenda ile ya pili iliiharibu klachi iliyokuwa nzima, na tatizo la mwanzo lilikuwa mauntingi ambayo hakuna fundi hata mmoja aliyeiangalia.

#14 Ndugu Taratibu

Hilo nalo linawezekana, na mke wangu analiunga mkono kwa nguvu.

#15 Bwana Stakabadhi

Mashine ya kusoma makosa ingepunguza ubishi huu. Kukiwa na silinda inayokata moto, kompyuta huandika makosa kuanzia P0300, na P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Kukosekana kwa kosa hakutoshi, kwa sababu muuzaji anaweza kuyafuta asubuhi. Tazama ukurasa unaoonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika: makosa yakifutwa au betri ikichomolewa, vipimo hivyo huanza upya na huonekana havijakamilika. Baadhi ya magari huonyesha hata umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe.

Kipimajoto ajue kwamba si kila gari la 2003 hujibu mashine hizo kwa ukamilifu. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, ule wa gari kujikagua na kutunza makosa, kuanzia magari ya 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, lakini gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kipindi hicho linaweza kuwa na soketi ya umbo lile lile na bado likajibu nusu nusu.

#16 Mzee wa Kukagua

Mnazungumza injini na giaboksi kana kwamba bodi haiozi. Gari la umri huu injini hubadilishwa kwa siku moja. Kutu kwenye fremu humaliza gari. Inua kapeti la buti na uangalie shimo la tairi la akiba, kwa sababu maji yanayopenya kwenye mipira ya taa za nyuma hutuama pale. Tazama chini ya milango, tazama pale shokapu za mbele zinaposhikwa juu ndani ya bonet, na mhimili wa nyuma unaposhikana na bodi. Chini ya gari pakiwa pamepakwa rangi nyeusi mbichi wiki ile ile linapouzwa, jiulize kinachofichwa.

Kisha vua mpira wa mlango, ule unaozunguka fremu, na uangalie chuma kilicho chini yake. Kiwandani mashine huchomelea kwa vidoa vidogo vya duara vilivyopangwa kwa nafasi zinazofanana. Upande mmoja ukiwa na vidoa na mwingine ukiwa laini, au vidoa vikiwa vimepishana ovyo, huo upande umewahi kukatwa na kuunganishwa. Nati zinazoshika mabawa ya mbele nazo husema: rangi ikiwa imechubuka kwenye kona za nati, spana imepita hapo.

#17 Kipimajoto

Mzee wangu, shimo la tairi la akiba nililiona, ni kavu. Mpira wa mlango sikujua kama unavuka.

#18 Mzee wa Kukagua

Unavuka kwa mkono na unarudi kwa mkono. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu.

#19 Bi Salama

Naona hakuna aliyegusa usalama. Nyota za majaribio ya ajali zilizochapishwa miaka ya 2000 hazilinganishwi na za leo, maana vigezo vimepanda. Fiat Punto ni mfano mzuri: umbo la 2005 lilipata nyota 5 za Euro NCAP, shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, na gari hilo hilo likiwa bado linauzwa lilipopimwa tena mwaka 2017 likapata 0. Mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiserereke ulikuwa bado haujalazimishwa. Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 2014. Gari dogo la bei nafuu la 2003 kwa kawaida halina.

Kubwa zaidi ni mifuko ya hewa. Kampuni ya Takata iliuza vilipuzi vya mifuko ya hewa kwa watengenezaji wengi wa magari, vikitumia amonia nitreti isiyo na kitu cha kunyonya unyevu. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu huharibika, na mfuko ukifumuka siku ya ajali, kasha lake la chuma linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Magari mamilioni yaliitwa kubadilishiwa, na Takata yenyewe ilifilisika 2017. Chukua namba ya chesisi, ipeleke kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwa wakala wake, uulize kama gari hilo liliitwa na kama kazi ilifanyika. Gari lililokaa limeegeshwa miaka mingi lina uwezekano mkubwa wa kutopelekwa.

#20 Spana Kumi

Hoja ya Bi Salama ndiyo nzito kuliko zote hapa. Naongeza kwamba magari ya soko la ndani la Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17. Yana namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, kama SCP10 au NCP10 kwa Toyota Vitz ya kwanza. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya nchi nyingine itakataa, usidhani gari ni la wizi.

#21 Mpita Njia 88

Kwa kuwa Vitz imetajwa: si afadhali achukue hiyo Vitz ya kwanza yenye giaboksi otomatiki ya gia 4 aepukane na CVT? Tatizo lake ni mkanda wa taimingi tu.

#22 Dada Torki

Vitz ya kwanza haina mkanda wa taimingi. Injini zake, ya sisi 997 kwenye SCP10 na ya sisi 1298 kwenye NCP10, zote zina cheni. Mwenye mkanda alikuwa Starlet aliyeitangulia. Ushauri wako wa gia 4 naukubali kwa asilimia kubwa, ingawa giaboksi hizo nazo huzeeka.

#23 Mpita Njia 88

Basi cheni ni ya maisha, afadhali zaidi.

#24 Giza la Bonet

Ya maisha ikitunzwa. Cheni hulainishwa na oili ya injini, na kikaza cheni chake mara nyingi husukumwa na presha ya oili hiyo hiyo. Oili ikiachwa miaka 2 au 3 bila kubadilishwa kwa kisingizio kwamba gari halijatembea, cheni hulika viungo na kurefuka. Utaisikia inapiga kelele ya kukwaruza mara tu injini inapowashwa asubuhi, kwa sekunde chache, kisha inanyamaza. Sasa rudini kwenye kitabu cha Kipimajoto, mihuri inaishia 2012. Kilomita ni chache, lakini je, oili iliyomo ni ya lini?

#25 Kipimajoto

Nimempigia muuzaji. Anasema oili ilibadilishwa "kila ilipohitajika". Amekubali niende tena asubuhi na mapema kabla hajaliwasha, nikiwa na fundi na mashine. Kuhusu giaboksi, fundi ameniambia hii haina kijiti cha kupimia oili, hukaguliwa kwa kufungua bolti ya pembeni gari likiwa limeinuliwa sawa pande zote. Je, rangi ya oili hiyo itatuambia kitu?

#26 Ndugu Taratibu

Rangi haisemi sana. Oili nyingine hubadilika rangi mapema na bado ni nzima. Inuse: iliyoungua ina harufu ya kitu kilichochomeka.

#27 Dada Torki

Na ichukue kidogo kwenye karatasi nyeupe. Vumbi laini la chuma ni la kawaida, vipande vinavyohisiwa kwa kidole si vya kawaida. Zaidi ya hapo, msiruhusu fundi akanyage breki na mafuta kwa pamoja ili "kuipima nguvu". Kwenye CVT yenye klachi ya kuanzia mtaimalizia klachi ya mtu kabla hamjainunua.

#28 Giza la Bonet

Mkiwa mmeliinua, angalieni mauntingi.

#29 Bwana Stakabadhi

Na muuzaji aulizwe 2012 kulitokea nini. Mihuri ikikoma ghafla, mara nyingi mtunzaji alibadilika, hata kama jina kwenye kadi ya gari ni lile lile.